Naombeni Mniachie Wembe Wangu

Hapa Butembo mtu akitaka kuazima pikipiki yako atazunguka kwanza. Atauliza hali ya mama mkwe, atalalamikia bei ya mafuta, atasifu maua ya mama watoto, na ukishachoka kabisa ndipo atakohoa na kutaja shida yake. Wembe hauna heshima hiyo. Wembe unaombwa kwa kelele kutoka upande wa pili wa ua: "Muzee! Ule wembe wako uko wapi? Kuna kitu kidogo nataka kukata."

Kitu kidogo. Vitu vidogo vya kartye yetu nimevichunguza mpaka nimevizoea. Kitu kidogo ni ule mkanda mgumu wa plastiki unaofunga makartoni ya wafanyabiashara wetu yanayotoka Guangzhou. Kitu kidogo ni kucha za miguu za mtu mzima mwenye wajukuu. Kitu kidogo ni meshi, yale manywele ya plastiki ambayo binti zetu wanasukwa siku ya posho ili siku ya yenga sisi tunaokaa nyuma tusione padri. Na kuna jirani mmoja, mtu mwenye diploma yake ukutani, ambaye kitu chake kidogo kilikuwa kona ya zulia iliyogoma kuingia chini ya kabati.

Ninalalamika kwa sababu wembe wenyewe si ile jileti ya butiki inayokaa rafu moja na kiberiti na sabuni ya kipande. Ni wembe wa kukunja, mpini mweusi, mgongo mnene, tumbo lililochimbwa pande zote mbili mpaka makali yanabaki membamba hata ukiyagusa kwa ukucha yanainama kidogo. Karibu na mpini umegongwa neno Solingen, mji wa Ujerumani ambao jina lake lililindwa kwa sheria mwaka 1938, ili asiyefua chuma huko asithubutu kuliandika. Sheria hiyo haikuvuka mpaka wa Kasindi. Sokoni kwetu nimeona wembe umeandikwa Solingen upande mmoja, na upande wa pili China, na muuzaji akaniapia kwamba vyote viwili ni kweli.

Wangu ni wa babu. Babu alikuwa mpishi wa mapadri wa Asompsyo, wale waliofika nchi hii ya Wanande mwaka 1929, na mmoja wao alipokuwa anarudi kwao alimwachia wembe, jiwe la kunolea na shati lisilo na kola. Swali ambalo ukoo wetu haujalijibu hadi leo ni padri yule alikuwa anafanya nini na wembe, maana wamisionari wengi wa zama zile walifuga ndevu za kufika kifuani. Mimi naamini ndiyo maana ulimfikia babu ukiwa na makali yake yote. Hakuna kinachotunza wembe vizuri kuliko mwenye wembe asiyenyoa.

Jiwe lenyewe ni la Ubelgiji. Juu ni la manjano, chini ni la buluu iliyofifia, na linachimbwa kwenye vilima vya Ardennes, upande wa Vielsalm. Ndani yake mmejaa chembe za garneti, ndogo ajabu, ndizo zinazokwangua chuma taratibu ukilitia maji. Vinyozi wa Ulaya walilipenda zamani kuliko mawe mengine, na sisi tunalo hapa, ndani ya soksi. Wageni wakisikia kwamba nina jiwe la Ubelgiji wananitazama kwa heshima mpya. Wanadhani siri ya wembe ni jiwe. Wananiambia, "Muzee, wewe una bahati, ukiona umeharibika unaunoa tu."

Hapo ndipo damu inapanda kichwani. Jiwe ni la siku ya msiba. Kwenye jiwe unaondoa chuma, na chuma kilichoondoka hakirudi. Ukinoa kila wiki, utamrithisha mtoto wako mgongo na mpini. Wembe unaotunzwa unakaa miezi bila kuonja jiwe, na kinachouweka hai katikati hapo ni ukanda wa ngozi. Ukanda tu. Kila asubuhi kabla ya kunyoa, bila haraka, bila nguvu. Makali ya wembe ni membamba sana, kwa hiyo ukinyoa hayabaki yamenyooka. Yanapinda hapa, yanalala pale. Ngozi inayasimamisha tena na kuyang'arisha. Jambo lenyewe ni rahisi, na ndiyo sababu hakuna anayeliamini.

Nitaeleza namna ya kufanya, si kwamba naota mtu wa nyumbani kwangu atasoma. Unafunga ukanda mahali imara na kuuvuta mpaka ukaze, maana ukilegea unafanya makali kuwa butu. Unalaza wembe mzima juu yake, mgongo na makali vyote viguse. Mgongo unatangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza ukiwa umeukalisha kwenye mgongo wake, kamwe si kwenye makali, halafu unarudi. Ukanda mzuri una pande mbili: unaanza na kitambaa kizito, mara ishirini au thelathini, kuondoa unyevu na uchafu; kisha ngozi, mara arobaini mpaka sitini. Hukandamizi. Uzito wa wembe wenyewe unatosha. Ukisikia sauti ni ile ile kwenda na kurudi, umeshika sawa. Sauti ikibadilika, mkono wako umeanza kufikiria mambo mengine.

Na mkono wangu una mambo mengi ya kufikiria, kwa sababu mahali pekee imara nyumbani kwangu ni kitasa cha mlango wa chumba. Nyumba yetu ina watu wengi kiasi cha kawaida cha Butembo, maana yake hakuna anayejua idadi. Nikishafunga ukanda kwenye kitasa, nikauvuta, nikaanza ile safari ya kwenda na kurudi, ndipo kila mtu anakumbuka kwamba kitu chake kiko ndani ya chumba hicho. Mlango unasukumwa. Ukanda unalegea. Wembe unazama kwenye ngozi, na kuanzia siku hiyo ukanda una kovu, na kila nikipita juu ya kovu lile makali yanaruka kidogo na mimi naruka nayo. Nimebandika karatasi mlangoni: KAZI INAENDELEA, PIGA HODI. Sasa wanapiga hodi huku wanasukuma.

Ukanda wenyewe ulikuwa taabu kuupata. Usidhani ni suala la kwenda sokoni kununua mkanda wa suruali. Mji huu una mikanda ya kutosha kuzunguka Ikweta, ambayo kwa bahati inapita hapo kusini kidogo tu, na mikanda yote imeandikwa ngozi halisi. Ikishalowa jasho la mwezi mmoja ngozi hiyo halisi inaambuka, na chini yake unakuta kartoni. Mwishowe nilikwenda kwa fundi wa viatu, mzee anayekaa chini ya paa la bati karibu na kituo cha mataksi. Aliniuliza urefu wa kiuno. Nikamwambia si wa kuvaa, ni wa wembe. Akaacha sindano. Akanitazama kwa muda, akaingia ndani, akatoka na kipande cha ngozi ya ng'ombe iliyokomaa, laini, isiyo na mkwaruzo, akakataa kabisa kupunguza bei. Huyo ndiye mtu pekee mjini aliyenielewa, na alinitoza kwa sababu hiyo.

Ukanda ule niliulisha kwa kiganja. Ndivyo inavyotakiwa: kila siku unausugua kwa kiganja kikavu, mafuta ya mkono yanaingia kidogo kidogo mpaka ngozi inakuwa na mng'ao. Ilichukua majuma. Asubuhi moja nikaukuta kitasani haupo. Nilitafuta chini ya kitanda, nyuma ya kabati, kwenye banda la sungura. Mchana kijana wangu alirudi kutoka shuleni akiwa amependeza, shati limechomekwa, suruali imekaa sawa kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Alikuwa ametoboa matundu matano. "Papa, si ulikuwa unaning'inia tu?"

Vijana wa salo ndio wanaonicheka zaidi. Wana jenereta inayonguruma nje, wana kioo cha urefu wa ukuta, wana mapicha ya vichwa vya wanamuziki. Wanakata nywele kwa mashine, na wakifika kwenye ukingo wa paji la uso na ndevu wanachukua jileti mpya, wanaivunja katikati ikiwa bado kwenye karatasi yake, nusu wanaichomeka kwenye mpini wa chuma, wanakuchora mistari, kisha nusu ile inatupwa. Hakuna ukanda, hakuna jiwe, hakuna babu. Kinyozi wangu, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa nikiita Kambale nusu ya mji itaitika, aliniambia: "Muzee, muda unaotumia kupiga wembe wako kwenye mlango mimi nimeshanyoa watu wanne na nimelipwa." Nikamjibu kwamba pia ameshatupa nyembe nne. Akasema mbili. Hesabu za watu wa mji huu hazina mchezo.

Nakubali kwamba kwa mtu wa salo ile nusu jileti ndiyo salama: kila mteja na chuma chake, hakuna damu ya huyu kwenye shingo ya yule. Sina ubishi na hilo. Ubishi wangu ni na zile mashine za plastiki zenye nyembe tatu au nne zilizopangwa mstari, zinazoletwa na jamaa wa ng'ambo kwenye masanduku ya zawadi. Wembe wa kwanza unavuta unywele, wa pili unaukata, na kilichobaki kinarudi chini ya ngozi. Kwa watu wenye ndevu zilizonyooka, heri yao. Sisi ndevu zetu zimejikunja. Kishina kikikatwa chini ya ngozi kinaota kwa kupinda, kinachoma ngozi kwa ndani, na baada ya siku mbili kidevu kizima ni vipele. Madaktari wa ngozi wanalijua tatizo hilo vizuri na kitu kimojawapo wanachoshauri ni kutonyoa kwa kuzama sana. Wembe mmoja mkali, unaopita juu ya ngozi mara moja, ukifuata ndevu zinakoelekea. Shemeji yangu aliyeniletea ile ya nyembe nne nilimshukuru sana. Anaitumia mama watoto kuondoa vifundo kwenye masweta.

Sasa kuna jambo lililonisumbua maisha yangu yote: unywele ni kitu laini, chuma ni kitu kigumu, kwa nini basi kinachoisha ni chuma? Kumbe si mimi peke yangu. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha majibu katika jarida la Science. Mmoja wao, Gianluca Roscioli, alikuwa ananyoa ndevu zake mwenyewe kwa jileti za kawaida, kisha anapeleka jileti maabara kuitazama kwa darubini ya elektroni. Chuma kile ni kigumu kuliko unywele mara kama 50. Lakini makali hayaliwi polepole tu; yanamegeka. Unywele ukiinama wakati unakatwa, unasukuma makali kwa ubavu, na pale ambapo chuma hakikulingana vizuri ndani yake kipande kidogo kinang'oka. Nilimsomea mama watoto habari yote. Alisikiliza huku anachambua sombe, akauliza: "Na huyo alikuwa analipwa?" Nikasema nadhani ndiyo. Akasema, "Wewe je?"

Lakini habari ile ina faida kwetu. Kipande kilichomegeka ngozi haikirudishi. Hapo ni jiwe. Kilichopinda ndicho ngozi inakinyosha. Kwa hiyo mwenye akili anahangaika kupunguza kumegeka, na njia ni kulainisha ndevu kabla hazijakutana na chuma: maji ya moto, sabuni, subira ya dakika mbili tatu. Unywele ukishiba maji unakatika bila kupigana. Sawa. Haya, njoo ujaribu Butembo, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala barabarani, mji uko juu karibu mita 1,800, na watu wa Kinshasa wakija wanauliza kama kweli tuko kwenye Ikweta au tumedanganywa na ramani. Maji ya pipa yanauma meno. Kwenye mbabula kuna birika moja, na birika hilo lina foleni: kwanza chai, pili mtoto mdogo aoge, tatu mgonjwa wa mafua ambaye daima yupo, na nne, makaa yakishakuwa majivu, "Papa, maji yako yako tayari." Naingiza mkono. Yana uvuguvugu wa ahadi ya mwanasiasa. Ndevu hazishtuki.

Beni ni kinyume. Kilomita hamsini na kitu tu kaskazini, lakini barabara inashuka, joto linapanda, na ukifika huko uso umeshalowa wenyewe. Ningenyolea Beni kila siku kama ingewezekana. Tatizo la Beni ni kutu. Jasho lina chumvi, hewa ina unyevu, na makali yale yanayoinama kwa ukucha hayahitaji kutu nyingi. Doa ambalo hulioni kwa macho linatosha kuyala. Ndiyo maana ukimaliza kunyoa unaukausha wembe kwa kitambaa, unaupitisha mara chache kwenye kitambaa cha ukanda, unaupaka tone la mafuta ya cherehani, unauacha wazi kidogo kabla ya kuukunja. Mafuta ya cherehani, nasema. Nilipomwomba shemeji wa Beni mafuta ya kupaka wembe, alikwenda kwa furaha akaniletea mawese. Mawese ya Beni ni mazuri sana, kwenye maharage. Kwenye chuma yanachacha, na ukipanda nayo hadi baridi ya Butembo yanaganda. Nilifungua wembe nikakuta umevaa koti la rangi ya machungwa.

Shemeji huyo ni mtu wa kakao, na msimu wa kakao Beni hakuna mtu mwenye adabu; wote wanakimbiza magunia. Nilikaa kwake siku za arusi ya ukoo. Ukanda wangu nilikuwa nimeuacha nyumbani, kiunoni mwa mtoto, kwa hiyo nikatafuta gazeti. Hii ni siri ya zamani: gazeti lililokunjwa mara kadhaa juu ya meza, ukalaza wembe na kupitisha vile vile, mgongo mbele, linasaidia, karatasi na wino vina ukwaruzo mdogo sana. Shida ni kupata gazeti. Siku hizi habari zote ziko kwenye WhatsApp, na WhatsApp hainoi kitu. Nilizunguka mpaka nikapata kipande kilichofungia karanga, chenye hotuba ya mtu ambaye hayupo tena madarakani. Kilifanya kazi nzuri. Wembe ulikata unywele unaoning'inia, kwa kuugusa tu. Nikauweka dirishani nikaenda kuoga.

Niliporudi shemeji alikuwa anafungua gunia la pili. Uzi wa gunia la kwanza ulikuwa sakafuni, umekatwa vizuri. "Shemeji," akasema, "hiki kisu chako ni hatari!"

Sikusema neno. Kwenye arusi mtu hagombani na ndugu wa mke. Nilikunja wembe, nikautia kwenye mfuko, na kesho yake nikapanda gari la kurudi, uso umevimba kwa yale niliyoyameza na ndevu zimeanza kuota tena.

Ninyi mnaoishi upande huu mnajua njia yetu. Tangu mkoa uwekwe chini ya wanajeshi, Mei 2021, na hata kabla ya hapo, mtu hasafiri na kitu chenye makali bila kuandaa maelezo. Kwenye kizuizi kimoja tuliteremshwa wote, kadi mkononi, mifuko wazi. Kijana mwenye bunduki alitoa suruali yangu, akatoa kipande cha mkate wa shemeji, akatoa wembe. Akaufungua. Abiria waliokuwa karibu nami wakagundua kwamba kuna nafasi zaidi upande wa pili.

"Hii ni nini?"

"Wembe, afande."

"Wa kufanya nini?"

"Wa kunyoa ndevu."

Akanitazama kidevu kwa makini. "Mbona hujanyoa?"

Ungemjibuje? Ungemwanzia kwa shemeji, ungemwanzia kwa kakao, au ungeanza kwa padri? Nilikuwa bado napanga hotuba aliponyoosha mkono wake wa kushoto, akaupitisha wembe juu ya vinyweleo vya nyuma ya mkono, taratibu, kwa namna ya mtu anayejua. Akapitisha tena. Vinyweleo vikalala, vikainuka, vikabaki palepale. Akaukunja, akanirudishia kwa huruma.

"Muzee, hii haikati kitu. Pita."

Nilipita. Gari zima lilicheka mpaka Maboya. Nimewahi kusimamishwa kwa picha ya kadi iliyofutika, nimewahi kusimamishwa kwa mfuko wa chumvi, lakini kuachiwa kwa sababu wembe wa babu yangu hautishi mtu, hilo sikuwa nimelitegemea. Nilitaka kurudi nimwambie aje Butembo baada ya siku mbili, nikishautoa kwenye jiwe. Mama mmoja akanivuta shati.

Kuna kipindi kimoja tu ambapo hakuna aliyeniomba wembe, na si kipindi cha kukitamani. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia upande wa Mangina, ikaingia Beni, ikaja Butembo na Katwa, na mpaka inatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imechukua zaidi ya watu 2,200. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini na mtu wa kukupima joto kwenye paji. Waliokuja kutufundisha walirudia jambo moja kila mkutano: vitu vya kutoboa na kukata visipokezanwe, sindano, nyembe, kila kitu kinachogusa damu. Kwa majirani zangu lilikuwa somo jipya. Kwangu ilikuwa sera ya nyumba tangu zamani, isipokuwa haikuwahi kutekelezwa. Jirani wa zulia alinunua mkasi. Binti wa meshi alinunua wembe wake. Nikafahamu kwamba watu wote hawa walikuwa na uwezo wa kununua vitu vyao siku zote. Ugonjwa ulipokwisha tulishukuru Mungu, tukapeana mikono tena, na ndani ya wiki chache mkasi wa jirani ukapotea.

Kwa sasa mambo yako hivi. Ukanda nimepata mwingine kwa yule fundi wa viatu, aliyenipandishia bei kwa vile sasa ananijua. Nimeufunga juu ya kenchi, mbali na milango, na ninapiga wembe nikiwa nimesimama kwenye kigoda. Binti yangu anasema naonekana mtu anayetaka kubadilisha taa. Makali yamerudi, jiwe limerudi kwenye soksi, na kama nitaachwa peke yangu halitatoka humo mpaka mwakani.

Sitaachwa. Leo ni siku ya posho, na siku ya posho anapita yule fundi wa kunoa visu mwenye baiskeli. Anaisimamisha kwa miguu miwili ya chuma, anakaa, anakanyaga, na jiwe la mviringo mbele ya usukani linazunguka kwa kasi na kutupa cheche mpaka watoto wanapiga makofi. Kwa panga ni fundi hodari, hilo namheshimu. Lakini wembe ukigusa jiwe lile kavu kwa pumzi moja tu, ukingo unapata moto kupita kiasi; unageuka rangi ya buluu, na buluu hiyo ikishatokea chuma kimelainika, hakishiki makali tena, hata ukiupeleka Solingen wenyewe wakulilie. Nimemweleza mama watoto jambo hili mara nyingi. Anasikiliza vizuri sana. Kisha anasema, "Lakini yeye anamaliza kwa dakika moja, na wewe uko kwenye kigoda tangu asubuhi."

Namsikia hapo getini. Kengele yake imelia mara mbili. Mama watoto ameshampelekea visu vyote vya jikoni, panga la migomba na mkasi wa jirani, ambao kumbe ulikuwa kwetu. Sasa anauliza watoto kama kuna kingine cha kunoa, na yule mdogo, ambaye ananipenda na hajui kunyamaza, anasema ndiyo, kuna ule wa Papa. Wanaingia chumbani kuutafuta. Nimeukalia. Umekunjwa, msiwe na wasiwasi.